Kidonda kisichopona usoni: Usikisie, kapimwe

Kidonda kidogo puani au shavuni huonekana kuwa jambo la kawaida. Mtu hupaka mafuta, hununua dawa ya kupaka kwenye duka la dawa, kisha husubiri. Kidonda cha kawaida hufunga ndani ya wiki mbili au tatu. Lakini kipo kidonda ambacho hakiumi, hakifungi, wala hakisikii dawa za vidonda. Katika Kaunti ya Nakuru, hasa Gilgil na sehemu nyingine za Bonde la Ufa zenye miamba na mapango, kidonda cha namna hiyo chaweza kuwa lishmaniasi ya ngozi.

Lishmaniasi ya ngozi haiui. Hata hivyo, huacha kovu la kudumu, mara nyingi usoni ambako haliwezi kufichwa. Ikienea hadi ndani ya pua au mdomo, inaweza kuharibu gegedu, yaani mfupa laini unaoishikilia pua, na pua ikabonyea. Mtu aliyepatwa na hali hiyo hubaki nayo hata baada ya kutibiwa. Ndiyo maana wakati ni muhimu: ugonjwa huu unatibika, na kipimo chake cha kwanza ni rahisi, lakini hufanya kazi vizuri zaidi kidonda kikiwa bado kipya.

Makala haya yanaeleza dalili za ugonjwa huu, jinsi unavyoweza kuingia puani na mdomoni, jinsi unavyopimwa, na mambo ambayo mkazi anapaswa kumweleza mhudumu wa afya ili asitibiwe kwa kubahatisha.

UGONJWA HUU NI NINI

Lishmaniasi huletwa na vimelea vidogo sana vinavyoitwa Leishmania. Jina hilo linatokana na William Leishman, daktari wa jeshi la Uingereza ambaye mwaka 1903, sambamba na daktari mwenzake Charles Donovan, alieleza kuhusu vimelea hivyo. Viko vya aina nyingi, na kila aina ina tabia yake mwilini. Kwa mkazi wa kawaida, inatosha kufahamu sura tatu za ugonjwa.

Ya kwanza ni lishmaniasi ya ngozi. Vimelea hubaki kwenye ngozi, pale mtu alipoumwa na mdudu, na kuleta vidonda au uvimbe. Hii ndiyo sura inayojulikana Gilgil. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu kati ya 600,000 na milioni 1 hupata sura hii ya ugonjwa kila mwaka duniani.

Ya pili ni lishmaniasi ya ngozi na utando. Utando ni ile ngozi laini yenye unyevu iliyo ndani ya pua, mdomo na koo. Hapa vimelea hushambulia utando huo na gegedu iliyo chini yake. Zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wa sura hii hupatikana katika nchi nne: Brazil, Bolivia, Peru, na jirani yetu Ethiopia.

Ya tatu ni kala-azar, ambayo hushambulia wengu, ini na uboho wa mifupa. Wakazi wengi wamelisikia jina hili kutoka kwa jirani zetu wa Baringo, Pokot Magharibi na Turkana. Kala-azar huleta homa ya muda mrefu, kukonda, upungufu wa damu na tumbo kuvimba kwa sababu ya wengu uliokua. Isipotibiwa, huua karibu kila aliyeipata.

Watu wengi huita sura zote tatu kwa jina moja la kala-azar, na hapo ndipo mkanganyiko huanza. Mwenye kidonda cha ngozi huogopa kwamba atakufa, na mwenye homa ya kala-azar huambiwa hana ugonjwa kwa kuwa hana kidonda. Haya ni magonjwa ya ukoo mmoja, lakini dalili zake, vipimo vyake na hatari zake ni tofauti.

USUBI, PIMBI NA MAPANGO

Vimelea vya Leishmania hubebwa na usubi, ambaye wengine humwita inzi wa mchanga. Ni mdudu mdogo wa rangi ya kahawia isiyokolea, mwenye urefu wa milimita mbili hadi tatu tu, yaani mdogo sana kuliko mbu. Hana mlio. Anapotua husimamisha mabawa yake juu. Haruki mbali, bali hurukaruka kwa hatua fupi karibu na ardhi. Jike peke yake ndiye anayenyonya damu, na huuma zaidi kuanzia jua linapotua hadi alfajiri. Ndani ya pango lenye giza anaweza kuuma hata mchana akisumbuliwa.

Tofauti na mbu, usubi hazaliani kwenye maji yaliyotuama. Hutaga mayai kwenye udongo wenye unyevu na uchafu unaooza, kama vile majani makavu na kinyesi cha wanyama, ndani ya nyufa, mashimo na mapango. Kufukia madimbwi ni jambo jema dhidi ya malaria, lakini hakumwondoi usubi.

Katika eneo la Gilgil, kimelea kinachojulikana zaidi ni Leishmania tropica. Kilitambuliwa katika nyanda za juu za kati za Kenya, zikiwemo Laikipia na Nakuru, kuanzia miaka ya 1980. Usubi anayekieneza hupenda mapango na miamba. Pimbi, yule mnyama mdogo anayefanana na sungura asiye na masikio marefu na anayeota jua juu ya mawe, anashukiwa kuhifadhi vimelea hivyo mwilini mwake. Usubi humnyonya pimbi, kisha akamnyonya mtu.

Kwa hiyo walio hatarini zaidi ni wale wanaolala, kuchunga mifugo, kuchoma makaa, kutafuta kuni au kuchimba mawe karibu na miamba na mapango, pamoja na wanaojenga nyumba karibu na misitu yenye miamba. Watoto hupata ugonjwa huu sana, kwani nyuso zao huwa wazi wanapolala.

Mtu hawezi kuupata kwa kumsalimia mgonjwa kwa mkono, kula naye, kutumia kikombe chake au kulala kitanda kimoja naye. Hakuna sababu ya kumtenga mtoto shuleni au kumkataza mama kupika kwa sababu ana kidonda cha lishmaniasi.

KIDONDA HUANZAJE

Baada ya kuumwa na usubi mwenye vimelea, mtu hukaa wiki kadhaa, au hata miezi, bila kuona chochote. Wengi hawakumbuki hata walipoumwa.

Dalili ya kwanza ni kipele kidogo chekundu au cheusi kidogo, kinachofanana na kuumwa na mbu. Kipele hiki hakiondoki. Hukua polepole hadi kuwa uvimbe mgumu, kisha katikati huanza kupasuka au kufunikwa na gamba. Gamba likitoka, chini yake huonekana kidonda cha mviringo chenye kingo zilizoinuka na katikati palipobonyea, kama bakuli dogo.

Dalili nne husaidia kukitofautisha na vidonda vingine.

Kwanza, mara nyingi hakiumi. Kikianza kuuma, kunuka au kutoa usaha, huenda kimeingiliwa na bakteria pia.

Pili, huota mahali ambapo ngozi haikufunikwa usiku: usoni, masikioni, mikononi na miguuni. Ni nadra kukuta kidonda hiki mgongoni au tumboni kwa mtu anayelala amejifunika.

Tatu, hudumu. Kidonda cha Leishmania tropica kinaweza kukaa mwaka mzima au zaidi kabla ya kufunga chenyewe, na kikifunga huacha kovu lililobonyea.

Nne, vinaweza kuwa vingi. Mtu mmoja aweza kuwa na kidonda kimoja na mwingine akawa na vitano au kumi, kulingana na alivyoumwa. Wakati mwingine vipele vidogo hujipanga pembeni mwa kidonda kikubwa.

Baadhi ya watu hupona, halafu baada ya miezi au miaka vipele vipya huota kwenye kingo za kovu la zamani. Hali hii hutokea hasa kwa Leishmania tropica. Mtu mwenye kovu linalokua upya asidhani kwamba ni mzio wa sabuni; anapaswa kurudi hospitalini na kusema kwamba aliwahi kuugua.

Si vidonda vyote vya lishmaniasi vinavyofanana. Kimelea cha Leishmania major, kinachopatikana Baringo, huleta kidonda chenye majimaji ambacho kwa kawaida hupona ndani ya miezi kadhaa. Leishmania aethiopica, kinachopatikana Mlima Elgon na nyanda za juu za Ethiopia, huleta kidonda kinachokwenda polepole, aghalabu usoni, na kinaweza kukaa miaka miwili au zaidi. Kimelea hiki kinaweza pia kuleta vinundu vingi visivyopasuka, vinavyoenea usoni, mikononi na miguuni hadi mgonjwa akadhaniwa ana ukoma. Sura hiyo ya vinundu haiponi yenyewe.

UGONJWA UNAPOINGIA PUANI NA MDOMONI

Huku Nakuru, ugonjwa kuingia ndani ya pua na mdomo ni jambo la nadra, kwa sababu kimelea kinachoongoza hapa hakipendelei sana sehemu hizo. Hata hivyo wakazi wanapaswa kuijua hali hiyo, kwa sababu mbili. Kidonda kilichoota kwenye ncha ya pua au mdomoni kinaweza kutambaa hadi ndani. Na kaunti yetu ina madereva, wafanyabiashara, askari na wafanyakazi wanaosafiri hadi Mlima Elgon, nyanda za juu za Ethiopia na hata Amerika Kusini, kisha wakarudi nyumbani.

Ugonjwa huingia kwa njia mbili tofauti.

Katika Amerika Kusini, hasa kwa kimelea cha Leishmania braziliensis, mtu hupata kidonda cha ngozi mguuni au mkononi, kikapona. Kisha baada ya miezi au miaka mingi, wakati ambapo amekwisha kusahau, ugonjwa huzuka puani. Vimelea vilikuwa vimesafiri kupitia damu au mishipa ya limfu na kujificha. Kwa mgonjwa kama huyo, kovu la zamani ndilo ushahidi mkubwa.

Nchini Ethiopia, kwa kawaida mambo huwa tofauti. Kidonda au uvimbe wa ngozi huwa karibu na pua au mdomo, nao huenea moja kwa moja hadi kwenye utando. Ngozi na utando huugua kwa pamoja. Mdomo huvimba na kuwa mnene, au mabawa ya pua huwa mekundu na magumu.

Kwa njia yoyote ile, dalili za mwanzo puani ni ndogo na hupuuzwa. Pua huziba kwa wiki nyingi, mara nyingi bila mafua. Magamba hujitengeneza ndani, na mgonjwa akiyatoa damu hutoka. Damu ya pua hujirudiarudia. Ngozi ya ncha ya pua hubadilika rangi na kuvimba.

Ugonjwa ukiendelea, hutoboa ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua. Ukuta huo ni wa gegedu. Ukishatoboka na kuliwa, ncha ya pua hukosa nguzo na kushuka. Baadaye ugonjwa unaweza kufika kwenye kaakaa, fizi, koo na sanduku la sauti. Sauti hukwaruza, kumeza huwa taabu, chakula hupita kwa maumivu, na katika hali mbaya kabisa hata kupumua huwa vigumu. Mgonjwa hukonda na huweza kupata nimonia.

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. Kidonda cha ngozi kinaweza kufunga chenyewe siku moja. Ugonjwa wa utando hauponi wenyewe. Ukiachwa, huendelea kula.

MAGONJWA YANAYOFANANA NAO

Hakuna mhudumu wa afya anayeweza kuthibitisha lishmaniasi kwa kutazama tu. Kidonda kisichopona usoni kinaweza kuwa ukoma, kifua kikuu cha ngozi, kaswende, ugonjwa wa fangasi, saratani ya ngozi au jipu la bakteria lililokaa muda mrefu. Pua inayotoka damu na kutengeneza magamba inaweza kuwa na saratani, fangasi, au madhara ya dawa za kulevya zinazovutwa kwa pua.

Kila moja ya magonjwa hayo lina dawa yake. Antibayotiki za kawaida haziui Leishmania. Dawa ya ukoma haiponyi saratani. Dawa za kupaka zenye steroidi, ambazo wengi hununua bila kuandikiwa, hupunguza wekundu kwa siku chache huku zikidhoofisha kinga ya ngozi na kuubadilisha mwonekano wa kidonda, hata kikawa kigumu zaidi kutambua. Kukisia kuna gharama: fedha hutumika, miezi hupita, na kovu hukua.

NAMNA UNAVYOPIMWA

Upimaji huanza kwa mazungumzo. Mhudumu atakuuliza kidonda kilianza lini, kimebadilikaje, na umetumia dawa gani. Jibu kwa ukweli, zikiwemo dawa za mitishamba. Mweleze unapoishi na unapofanya kazi: kama nyumba iko karibu na miamba, kama unachunga au kulala nje, kama umesafiri katika miaka iliyopita, na kama kuna jirani au ndugu mwenye kidonda kama hicho. Mwonyeshe makovu ya zamani hata kama yako mguuni na tatizo la sasa liko puani. Mwambie pia ikiwa pua imeziba, inatoka damu, au sauti imebadilika. Mgonjwa asiposema, mhudumu huenda asichungulie puani.

Baada ya hapo atakagua mwili mzima, pamoja na ndani ya pua na mdomo.

Kipimo cha kwanza ni kuangalia vimelea kwa hadubini. Kidonda husafishwa na gamba kuondolewa. Dawa ya ganzi hudungwa kidogo. Kisha mhudumu hukwangua ukingo wa kidonda kwa wembe safi wa hospitali, au huvuta majimaji kidogo kwa sindano. Sampuli huchukuliwa ukingoni kwa sababu huko ndiko vimelea hai vinakokaa. Katikati huwa na usaha na nyama iliyokufa. Sampuli hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi maalumu, na mtaalamu wa maabara huitafuta. Leishmania huonekana kama vidoto vya mviringo ndani ya seli za kinga, kila kimoja kikiwa na kiini na kijiti kidogo kando yake. Kuchukua sampuli zaidi ya moja, kutoka sehemu mbalimbali za ukingo, huongeza uwezekano wa kuviona.

Kipimo cha pili ni kukata kipande kidogo cha ngozi au utando kwa uchunguzi. Hiki husaidia pia kutafuta saratani, kifua kikuu, ukoma na fangasi kwa wakati mmoja. Kwa ugonjwa wa pua na koo, kazi hii hufanywa na daktari wa masikio, pua na koo, ambaye huingiza kifaa chembamba chenye taa ili aone ugonjwa umefika wapi.

Kipimo cha tatu ni kuotesha vimelea katika maabara. Huchukua hadi wiki nne, kwa hiyo hakifai kwa jibu la haraka.

Kipimo cha nne ni PCR, kinachotafuta chembe za urithi za kimelea. Huweza kuonyesha vimelea hata vikiwa vichache, na hutaja aina yake. Hakipatikani katika kila hospitali; hufanywa katika maabara kubwa na za utafiti. Kujua aina ya kimelea ni muhimu, hasa kwa mgonjwa aliyesafiri, kwa sababu hueleza hatari ya ugonjwa kuingia kwenye utando.

Vipo vipimo ambavyo wakazi huomba lakini haviwezi kujibu swali hili. Kipimo cha haraka cha damu kiitwacho rK39, kinachotumika kwa kala-azar, hakitegemewi kwa kidonda cha ngozi. Mtu mwenye kidonda cha lishmaniasi anaweza kupata jibu la "hakuna" kwa kipimo hicho na bado akawa mgonjwa. Vivyo hivyo, kipimo cha malaria au cha homa ya matumbo hakihusiani na kidonda.

KIPIMO KIKISEMA "HAKUNA"

Tuchukue mfano wa mchungaji mwenye kidonda shavuni kwa miezi kumi na minne. Amekipaka dawa tatu tofauti, na sasa kimejaa usaha. Anapimwa kwa hadubini, na vimelea havionekani. Je, hana lishmaniasi?

Jibu ni kwamba bado haijulikani. Vimelea huwa vingi katika miezi ya mwanzo na hupungua kadiri kidonda kinavyozeeka. Usaha nao huvificha. Hatua sahihi ni kutibu kwanza bakteria, kusafisha kidonda, kisha kurudia kipimo au kukata kipande kwa uchunguzi. Jibu moja la "hakuna" si ruhusa ya kurudi nyumbani na kusahau.

Tatizo hili ni kubwa zaidi kwa ugonjwa wa utando. Ndani ya pua, uharibifu mkubwa unaweza kuletwa na vimelea vichache sana, kwa sababu mwili wenyewe hupigana navyo kwa nguvu na kuumiza nyama yake. Hivyo hadubini mara nyingi haioni kitu. Daktari hulazimika kuunganisha mambo: kovu la zamani, safari za mgonjwa, hali ya pua, kipande kilichokatwa na PCR.

Mkazi ana haki ya kuuliza: "Sampuli ilichukuliwa wapi? Imetafutwa nini? Hatua inayofuata ni ipi?" Maswali hayo si ukosefu wa adabu.

BAADA YA KUPIMWA

Matibabu hutegemea idadi ya vidonda, ukubwa wake, mahali vilipo na aina ya kimelea. Kwa vidonda vichache na vidogo vya ngozi, daktari anaweza kudunga dawa ya sodiamu stibogluconate kwenye kingo za kidonda kwa awamu kadhaa, au kutumia baridi kali au joto maalumu la kitabibu kuua vimelea.

Vidonda vingi au vikubwa, na ugonjwa wowote wa utando, huhitaji dawa inayozunguka mwilini mwote. Dawa hizi zina nguvu. Baadhi huweza kuathiri moyo, ini, figo au kongosho, kwa hiyo mgonjwa hupimwa damu na moyo anapozitumia. Mjamzito, au mwanamke anayefikiri huenda ni mjamzito, lazima aseme mapema, kwani baadhi ya dawa huweza kumdhuru mtoto tumboni. Anayeishi na virusi vya ukimwi aseme pia, kwa sababu ugonjwa huweza kuwa mkali na kurudi.

Maliza dozi hata kidonda kikianza kukauka. Rudi siku uliyopangiwa. Endelea kuangalia kovu kwa miezi inayofuata, na ukipata pua inayoziba au kutoka damu mara kwa mara, rudi hata kama ngozi imepona.

JIKINGE WEWE NA JAMAA YAKO

Lala ndani ya neti iliyotiwa dawa. Usubi ni mdogo kiasi cha kupita kwenye matundu ya neti ya kawaida, lakini dawa humuua au humfukuza.

Kuanzia jioni, vaa nguo ndefu na upake dawa ya kufukuza wadudu mahali palipo wazi. Wafunike watoto wanapolala.

Epuka kulala au kupumzika mapangoni na chini ya miamba. Ukijenga, acha nafasi kati ya nyumba na miamba yenye pimbi. Ziba nyufa za kuta, na ondoa marundo ya mawe, samadi na takataka karibu na nyumba.

Usichome kidonda kwa chuma cha moto, wala kukimwagia maji ya betri. Huko ni kuongeza kidonda juu ya kidonda, na kovu litakuwa kubwa kuliko ambalo ugonjwa ungeliacha.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Kidonda cha mtoto wangu hakimwumi na anacheza vizuri. Kwa nini nimpeleke?
Kutouma ndiyo tabia ya ugonjwa huu. Ukingoja maumivu, utangoja hadi kovu liwe kubwa.

Jirani alipona bila dawa. Nami nisubiri?
Vidonda vingine hupona vyenyewe, lakini huwezi kujua kama chako ni lishmaniasi bila kupimwa. Kinaweza kuwa saratani au ukoma. Kikiwa usoni, au karibu na pua, mdomo au jicho, kusubiri ni hatari zaidi.

Je, lishmaniasi ya ngozi hugeuka kuwa kala-azar?
Kwa kawaida hapana. Vimelea vinavyoongoza katika kuleta kala-azar nchini ni vya aina nyingine. Lakini mtu aliyewahi kutibiwa kala-azar anaweza baadaye kupata vipele usoni. Huyo arudi hospitalini alikotibiwa.

Kuna chanjo?
Hakuna chanjo ya ugonjwa huu kwa binadamu inayotolewa hospitalini. Kinga ni kuzuia kuumwa na usubi.

NENDA KITUO CHA AFYA UKIONA HAYA

Bila kukawia, nenda kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ikiwa:

- una kidonda, kipele au uvimbe wa ngozi uliodumu zaidi ya wiki nne;
- una kidonda cha muda wowote kwenye pua, mdomo, sikio au karibu na jicho kinachoendelea kukua;
- pua imeziba, ina magamba au inatoka damu mara kwa mara kwa zaidi ya wiki mbili, hasa ikiwa una kovu la kidonda cha zamani;
- sauti imekwaruza au kumeza kunauma, na una dalili za pua au kidonda usoni;
- kovu la zamani limeanza kuota vipele.

Kama kituo hakina kipimo, omba barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya kaunti ndogo au hospitali ya rufaa. Mhamasishaji wa afya ya jamii katika kijiji chako anaweza kukuelekeza. Nenda na dawa zote ulizotumia, au pakiti zake, na kama una simu yenye kamera, piga picha ya kidonda kila wiki ili mhudumu aone kinavyobadilika.

Tazama nyuso za watoto leo jioni kabla hawajalala. Ukikuta kidonda ambacho kilikuwepo mwezi uliopita na bado kipo, kesho kimpeleke mtoto kupimwa.